Uzamili wa elimu ya watu wazima ukiwa kazini: jioni, likizoni au mtandaoni?

Mkufunzi_wa_Umoja
Wanajamvi, salamu. Ninafunza wafanyakazi wapya katika kampuni ya bima iliyoko Upper Hill hapa Nairobi, na ninataka kusomea uzamili wa elimu ya watu wazima bila kuacha kazi. Nimebakiwa na njia tatu: masomo ya jioni na Jumamosi, masomo ya likizo za shule, au ya mtandaoni. Karo nimeiweka kando kwa sasa, kwa kuwa kinachonipa taabu ni muda. Waliozipitia wanasemaje?

MamaNeema
Mimi nilisoma likizoni, na kwa kuwa ni mwalimu wa sekondari, ratiba ilinikaa sawasawa. Wewe huna Agosti wala Desemba yako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakuhakikishia siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka, na ukizigawa kwa vipindi vitatu unapata siku saba saba, ambazo somo moja tu linaweza kuzimaliza. Darasani kwetu alikuwapo mhasibu aliyetoka kila mara kupokea simu za mkubwa wake, hata mhadhiri akamwekea kiti kando ya mlango.

Kalamu_ya_Jioni
Ndugu Mkufunzi, kutoka Upper Hill hadi katikati ya jiji ni karibu, ila mvua ikinyesha jioni utafika viatu vimelowa na mjadala umeshika kasi bila wewe. Hata hivyo ningechagua jioni tena, kwa sababu ya wenzangu. Mmoja alisimamia madarasa ya ngumbaru, mwingine alikuwa muuguzi anayefunza wahudumu wa afya ya jamii. Tulipofika kwenye hoja ya Malcolm Knowles, Mmarekani aliyebobea katika elimu ya watu wazima, kwamba mtu mzima huja na tajiriba yake na hiyo ndiyo nyenzo ya kujifunzia, muuguzi alisimulia jinsi akina mama walivyomkatiza akieleza kipimo cha dawa ya maji, wakamtolea vijiko vya nyumbani kwao, na hakuna viwili vilivyolingana. Mfano kama huo huupati katika maandishi ya mhadhara.

Mtafiti_Kahawa
Mnazungumzia mihadhara, ilhali kinachowakwamisha watu ni tasnifu. Mimi nilisoma mtandaoni, nikisikiliza mihadhara usiku watoto wakishalala, na sikuona shida yoyote mpaka msimamizi wangu alipokaa na sura ya pili miezi mitano. Aliyekuwa akienda chuoni angemvizia mlangoni. Mimi nilibaki na barua pepe. Na pendekezo la utafiti likipita bado unahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kabla ya kukusanya data. Basi uliza kila chuo: msimamizi hupangwa lini, ana wanafunzi wangapi, na huonana nao siku gani?

MamaNeema
Hapo umegonga penyewe. Niongeze kwamba akijiunga na chuo cha nje ya nchi, ahakikishe kwanza kuwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu itaitambua shahada hiyo.

Mkufunzi_wa_Umoja
Asanteni sana. Nimepiga simu vyuo viwili vya mtandaoni leo mchana. Kimoja hupanga msimamizi baada ya mitihani yote, na kingine hakikuwa na jibu. Likizo nimeifuta. Jumamosi ninakwenda kuonana na mratibu wa masomo ya jioni, nikiwa na maswali matatu ya Mtafiti kwenye karatasi.