Kalimantan ya Kati: vizuizi vya mifereji kwenye msitu wa mboji vinabomoka, kosa liko wapi?

Kinamasi
Wakuu, naombeni tuichambue hii. Kule Kalimantan ya Kati, Indonesia, mradi wa mpunga ulioanza 1995 ulichimba mifereji zaidi ya kilomita 4,000 kwenye karibu hekta milioni 1. Mboji, yale mabaki ya miti yaliyorundikana majini maelfu ya miaka bila kuoza, ikakauka, na moto wa 1997 na 2015 ukaingia mpaka chini ya ardhi. Sasa wanavijiji wanaziba mifereji na kupanda miti. Mbona vizuizi vingine havimalizi hata misimu miwili ya mvua? Na miche inafia wapi?

FundiMifereji
Mkuu, kosa la kwanza ni kujenga kizuizi kimoja kikubwa. Mboji ni nyepesi na ina matundu tele. Maji yakirundikana mita 1 upande mmoja, hayangoji kupita juu. Yanapenya chini ya nguzo na kuzunguka ubavuni, yanakokota mboji kidogo kidogo, mwisho unakuta kizuizi kimesimama pekee na mfereji mpya umejichimba kando yake. Dawa ni ngazi: vizuizi vifupi vingi, kila kimoja kikishusha maji sentimita 25 hivi. Mfereji unaoshuka mita 1 kwa kilomita unataka vinne.

Jenga kuta mbili za magogo ya galam, mti wa kinamasi, yaliyopigiliwa wima yakabanana, katikati shindilia magunia ya mboji. Usijaze mchanga, kizuizi kitadidimia kwa uzito wake. Mboji ya kujazia usiichimbe hapo hapo, utakuwa umeyafungulia maji njia. Kuta ziingie mita kadhaa ndani ya kingo pande zote mbili. Njia ya kupitishia maji ya ziada iwe katikati, chini ya usawa wa kingo, na pale maji yanapoangukia tandika magogo, la sivyo yatachimba shimo miguuni pa kizuizi.

Kupima usawa wa maji ndani ya mboji, tumia bomba la plastiki la inchi 2 lenye matundu ubavuni, lishindiliwe mpaka lifike udongo mgumu ili lisipande na kushuka pamoja na mboji. Kanuni za Indonesia kwa mboji inayolimwa zinataka maji yasishuke zaidi ya sentimita 40 chini ya uso wa ardhi. Kwa msitu unaorudishwa, mimi naihesabu hiyo 40 kuwa mstari wa hatari. Usiifanye shabaha.

Mama Kitalu
Hayo yote ni sawa, ila vizuizi vingi vinabomolewa kwa panga na shoka, na anayebomoa ana haki ya kusikilizwa. Mfereji ndiyo barabara ya kwenda shambani na kwenye uvuvi. Kabla ya gogo la kwanza, upiteni wote pamoja na wazee na wenye mashamba, mkiandika nani anapita wapi, kwa mtumbwi wa upana gani, mwezi gani. Pale wanapopita, njia hiyo ya maji iwe na mteremko wa mbao wa kuvutia mtumbwi. Wanaojenga walipwe, na fungu la matengenezo libaki kijijini, maana gogo huoza pale maji yanapopanda na kushuka.

Kuhusu miche: wengi wanapanda kabla maji hayajarudi. Inakauka kiangazi cha kwanza, au moto unaimaliza. Mingine inazama mafuriko yakija. Chagua miti ya hukohuko, balangeran na jelutong ya kinamasi, na kitaluni changanya konzi ya udongo kutoka chini ya mti mkubwa wa aina hiyo hiyo, ndimo mna kuvu inayosaidia mizizi. Punguza kivuli taratibu kabla ya kuitoa miche kitaluni. Mche ufike walau sentimita 50, upandwe juu ya tuta dogo la sentimita 30 hadi 50, ncha ibaki juu ya maji. Nafasi ya mita 3 kwa 3 inatoa miche 1,111 kwa hekta. Magugu ya jamii ya kangaga yafyekwe kuuzunguka mche tu, mengine yaache yatunze unyevu.

Penye miche ya tumih, mti wa kinamasi, iliyojiotea msipande kitu, msitu umeshaanza wenyewe.

Na jelutong hutoa utomvu wa kuuza, lakini inachukua miaka. Kipato cha sasa kitoke kwenye purun, nyasi ya kusukia mikeka inayopenda majimaji, na beje, mabwawa ya samaki yanayojaa wakati wa mafuriko.

Kinamasi
Asanteni sana. Je, mboji ya Bonde la Kongo, ile ya kilomita za mraba 167,600, inahitaji vizuizi hivi?

FundiMifereji
Kwa sehemu kubwa hapana, haijachimbwa mifereji. Kule angalieni barabara. Tuta likikatiza kinamasi, upande mmoja miti inafia majini na upande wa pili mboji inakauka. Dai makalvati mengi, yakae usawa wa ardhi, na yazibuliwe kabla ya kila msimu wa mvua.