Tupeane uzoefu: prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel au AMD, ipi inatulia zaidi kwa mazingira yetu ya Arusha na Moshi?

Mpiga Picha wa Njiro
Wakuu, habari za Jumapili. Nahariri video za harusi na sendofu, laptop imechoka, nataka kuunga kompyuta ya mezani. Bajeti milioni 2 bila skrini. Fundi wangu wa karibu na Mnara wa Saa ameapa kwamba AMD haitulii, itanigandia katikati ya kazi ya watu. Kaka yangu wa Dar anasema Intel mpya ndizo zinazoungua. Mliyoyaona YouTube nimeyaona pia. Niambieni yaliyowakuta wenyewe.

Chalii wa Sakina
Intel. Tangu Pentium 4 ya mzee mpaka leo. Nimemaliza.

Mama Steshenari, Majengo Moshi
Mwanangu, mimi mambo ya prosesa siyajui, najua foleni ya wanaosubiri kuchapiwa barua. Nina mashine mbili, moja ina stika ya Intel, nyingine AMD. Ya AMD ikaanza kujizima kila ikifika saa 8 mchana, jua la Moshi mnalijua. Kila anayeingia: iuze mama, ndivyo zilivyo hizo. Akaja kijana wa Pasua akaifungua. Vumbi limejaa kwenye feni kama sufi ya mto, na ile pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka inabanduka kama ukoko. Akasafisha, akapaka mpya, nikampa elfu 15 na chai. Huu mwaka wa pili haijazima. Ya Intel nayo ikaugua miezi mitatu baadaye, ugonjwa uleule, dawa ileile.

Fundi wa Kilombero
Shikamoo mama, umesimulia nusu ya kazi yangu. Nusu nyingine ni pawasaplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Nina mteja mwenye studio ya muziki Ngarenaro, mashine yake ya Ryzen, prosesa ya AMD, ilikuwa inajizima na kujiwasha kila akianza kumiksi. Akaona asihangaike, akauza prosesa na mazabodi (bodi kuu) kwa hasara, akanunua Core i5 ya Intel. Wiki ya pili ananipigia saa 4 usiku: imerudia! Namuuliza, pawasaplai ulibadilisha? Hapana, ilikuja na kesi. Imeandikwa wati 500, ukiishika nyepesi kama kopo tupu. Tukaweka nzito ya kueleweka pamoja na UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, tatizo likaisha. Laki 4 na nusu zimeteketea kwa kumsingizia asiyehusika.

Mangi wa Kiborloni
Desemba watu wakirudi nyumbani, umeme unashuka, jioni stabilaiza yangu inasoma volti 170. Hapo prosesa ya nani itatulia?

Chalii wa Sakina
Sasa hiyo sifa ya AMD kuungua imetoka wapi?

Fundi wa Kilombero
Zamani, chalii yangu. Athlon za AMD za mwaka 2001 ukiondoa kipoza joto zikiwa zinafanya kazi ziliungua palepale, wakati Pentium 4 ya mzee ilijipunguzia mwendo ikapona. Halafu Ryzen za kwanza, 2017, zilichagua sana rami (memori) mpaka zilipotoka bayosi mpya, ile programu ya mazabodi inayoiwasha mashine. Yalikwisha, ila simulizi hazina apdeti.

IT wa Usa River
Kaka wa Dar naye asipuuzwe. Core za mezani za kizazi cha 13 na 14, Intel wenyewe walikiri mwaka 2024 kwamba zilikuwa zinaomba volteji kubwa kupita kiasi na kudhoofika taratibu. Agosti wakatoa maikrokodi 0x129, yaani marekebisho ya ndani ya prosesa, kupitia bayosi, na dhamana ya zile zinazouzwa kwenye boksi lake ikatoka miaka 3 hadi 5. Iliyokwisha kudhoofika apdeti haiiponyi, kwa hiyo ya mtumba ya vizazi hivyo mimi siigusi. Kizazi cha 12 hakimo. AMD nao 2023 baadhi ya Ryzen 7000 zenye X3D kwenye jina ziliungua kwenye soketi, wakazuia volteji ya SoC (sehemu moja ya ndani ya prosesa) isipite volti 1.3.

Yangu mimi sasa: nilikuwa naweka hiyo bayosi mpya kwenye mashine ya ofisi, imefika asilimia 60, giza. UPS ilikuwepo, betri yake ilikufa zamani na mwenye jukumu la kuipima nilikuwa mimi. Mazabodi haikuwaka tena. Bosi hadi leo anajua ni radi.

Mama Steshenari, Majengo Moshi
Mungu anakuona.

Mpiga Picha wa Njiro
Mrejesho wa Jumatatu. Nimepita dukani nikaomba niishike pawasaplai iliyoko kwenye hesabu yangu. Nyepesi! Fundi ananiuliza nimekuja kununua kompyuta au nyama. Nimemwambia prosesa achague yeye yoyote isiyo ya kizazi cha 13 wala 14, ila pawasaplai na UPS naenda kuzitafuta mwenyewe. Fundi wa Kilombero, kesho upo dukani saa ngapi?