Sir Arthur Haselrig alikuwa upande gani hasa?

Wakuu habari za leo. Nasoma vita vya Charles wa Kwanza na Bunge la Uingereza, nimekwama kwa huyu Haselrig. Jamaa ni baroneti, cheo cha mfalme kabisa, halafu anampiga mfalme huyohuyo, baadaye tena anageukana na Cromwell, jenerali wa upande wa Bunge aliyekuja kutawala nchi. Alikuwa kigeugeu au mimi ndo sijaelewa? Na mwenye cheo hicho anaingiaje Bunge la Makabwela, lile la chini la kuchaguliwa?

Jibu 1
Mkuu, ubaroneti unarithiwa lakini haukupi kiti kule kwa mabwanyenye, Bunge la juu, unagombea kama wengine. James wa Kwanza alikianzisha hicho cheo 1611 na kwa kweli kilikuwa kinauzwa tu, unalipa hela ya kutunza askari 30 kwa miaka mitatu kule Ulster, Ireland. Babake Haselrig alikipata 1622, yeye akarithi 1629, kwa hiyo sioni deni gani alikuwa nalo kwa mfalme.

Jibu 2
Huyu ni mmoja wa wale wabunge watano ambao mfalme alienda kuwakamata mwenyewe bungeni tarehe 4 Januari 1642, na Pym, Hampden, Holles na Strode. Walishatonywa, wakapanda boti wakapotelea mto Thames, mfalme kafika kakuta viti vitupu.
Vita ilipoanza akaunda kikosi cha wapanda farasi waliovaa chuma kuanzia kichwani mpaka magotini, watu wakawaita kambakoche. Pale Roundway Down, Julai 1643, walichapwa vibaya, na afisa wa mfalme, Richard Atkyns, akamfukuza Haselrig akamfyatulia bastola kichwani kwa karibu kabisa, risasi haikuingia! Wakaishia kumchoma farasi. Akakubali kusalimu amri, sasa upanga umefungwa mkononi anahangaika kuufungua, hapohapo wenzake wakatokea wakamwokoa.

Jibu 3
Kigeugeu hapana, hilo nakataa. Mwaka 1649 aliteuliwa kuwa mmoja wa majaji wa kumhukumu mfalme, akakataa kukaa. Cromwell alipowafukuza wabunge kwa askari 1653 urafiki ukaishia hapo, na hata alipomteua kwenye lile baraza lake jipya la juu, akagoma, akaenda kukaa kiti chake cha Makabwela. Desemba 1659 jeshi limefunga Bunge tena, yeye yuko Portsmouth na ngome upande wake mpaka Bunge likarudi. Sasa angalia, mfalme, Cromwell, majenerali, wote aliwapinga kwa jambo lile lile moja, Bunge lisiguswe. Kilichommaliza ni kumwamini Jenerali Monck, ambaye ndiye aliyemfungulia mlango Charles wa Pili, mtoto wa mfalme yule, arudi kutawala. Monck alimwombea asinyongwe, ila akafia gerezani Tower ya London, Januari 1661.

Jibu 4
Sawa ila msimfanye malaika jamani. Alipokuwa gavana wa Newcastle alinunua mali za askofu wa Durham, pale Auckland akabomoa kanisa la askofu ajijengee nyumba. John Lilburne, mwanaharakati wa haki za raia, alipomshtaki kwa ajili ya mgodi wa makaa ya mawe, Bunge hilohilo likampiga Lilburne faini na kumfukuza nchini.

Muuliza swali
Asanteni sana wakuu. Hiyo ya Lilburne imeniuma, naenda kuisoma leo leo.