Apdeti inaingia kwa lazima, kuitoa tunapewa siku 10?!

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Apdeti kubwa ya mfumo wa Windows ilijisukuma yenyewe usiku. Asubuhi kompyuta inawaka, inanikaribisha kwa mbwembwe. Nakaribishwa wapi? Sauti hakuna, printa haionekani, na ikishalala haiamki mpaka nibane kitufe cha kuwashia nizime kwa nguvu. Ukiuliza kwa wenyewe, Microsoft, jibu ni moja: subiri, marekebisho yanakuja.

Basi nimesubiri. Hayakuja. Naingia kwenye mipangilio nirudi toleo la zamani, kitufe kimefifia, hakibonyezeki. Muda umepita! Mfumo wa zamani unahifadhiwa kwenye folda moja ndani ya diski, zikitimia siku 10 unafutwa kimyakimya. Zamani zilikuwa siku 30, wakazikata mwaka 2016, eti tupate nafasi kwenye diski. Nani aliwaomba nafasi? Yaani wanakwambia usubiri huku saa ya kukufungia mlango inatembea.

Na kinachoniuma zaidi: hizo siku zinaweza kuongezwa hadi 60. Ni amri moja tu kwenye dirisha la amri, ukiwa na ruhusa ya msimamizi, ila uiandike kabla muda haujaisha. Kwenye mipangilio haimo kabisa. Mtu wa kawaida ataijulia wapi?

Nikaenda kwenye ule ukurasa wa bluu wa urejeshaji. Diski imefungwa kwa usimbaji, kwa hiyo kwanza ikataka funguo ya tarakimu 48. Nimeziandika sita sita, jicho kwenye simu, jicho kwenye kibodi. Nimemaliza, napata machaguo mawili. La kwanza linaondoa kiraka cha mwezi tu, yaani yale marekebisho madogo ya kila mwezi, na ugonjwa wangu hauko huko. La pili, la kuondoa toleo zima, likagoma. Nikatafuta pointi za kurejesha, zile kumbukumbu za hali ya zamani ya mfumo: tupu.

Iliyobaki ni kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya, yaani programu zote nianze kusaka moja moja. Kwa kosa la nani?

Mliopata apdeti hii wiki hii, ongezeni hizo siku leo leo. Na kama kuna aliyepata draiva ya sauti (ile programu ndogo inayoendesha kifaa cha sauti) inayokubali toleo jipya, aniwekee hapa. Wale wa "hamia mfumo mwingine", piteni kimya, sina hali hiyo leo.