Mbeya: Shule tumejenga wenyewe, saa kumi jioni tunafungiwa geti!

Wakuu, nimevumilia nimechoka. Shule ya msingi ya mtaani kwetu huku upande wa Uyole inapigwa kufuli saa kumi jioni, wikiendi ndiyo haifunguliwi kabisa. Umeme upo, madawati yapo, wenye shida ya kusoma wamejaa mtaani.

Nani aliijenga? Mawe na mchanga tulisomba wenyewe, kila kaya ikachangishwa, asiyetoa akafuatwa na mgambo. Leo ukiomba darasa moja kwa saa mbili tu unajibiwa "hapa ni eneo la shule, raia haruhusiwi". Raia huyo huyo aliyebeba mawe!

Kuna mama anauza viazi hapa sokoni. Ujumbe wa muamala ukiingia, anampa simu mteja mwingine amsomee. Juzi tapeli kamtumia ujumbe aliouandika mwenyewe, ukasomwa "umepokea", akaondoka na gunia zima. Mama kanionyesha ile simu: mtumaji ni namba ya kawaida ya simu, wala si jina la mtandao. Anayejua kusoma angeshtuka palepale. Inauma sana.

Vijana wanaorisiti kidato cha nne nao wanakodi kibanda cha mabati nyuma ya baa, wanasomea kwenye kelele za muziki.

Na msiniambie haiwezekani. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, shule hizi hizi zikajaa wazazi wetu jioni, penye giza wakawasha karabai. Mwaka 1967 zaidi ya nusu ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 walibaki takribani asilimia 10. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa kwa sheria ya 1975, mpaka leo ipo. Sisi wenye umeme ndio tumeshindwa?

Mwalimu mkuu anahofia wizi. Hapo namwelewa, maana dawati likivunjika anaulizwa yeye, na posho ya jioni hana. Basi serikali ya mtaa isaini kupokea funguo, mlinzi awekwe, mwalimu wa jioni alipwe. Wafungue madarasa mawili tu, saa kumi mpaka saa mbili usiku: moja la kisomo, jingine la wanaorisiti. Jumamosi waje mabwana shamba. Kituo cha utafiti wa kilimo kiko hapa hapa Uyole, ila mkulima wa viazi akitaka kukaa na wataalamu hao hana hata pa kukutania!

Barua tumepeleka kwa mtendaji wa kata, jibu ni "tunalifanyia kazi". Mkutano wa mtaa ujao nalibeba tena.

Wadau wa Iringa, Njombe na Songwe, kuna shule huko imefungua geti? Nani alisaini, na mlinzi analipwa na nani? Leteni utaratibu wenu hapa niende nao mkutanoni.