Simu ya mama: chati zinajichagua, simu za video haziiti, na kundi la ukoo limejaza nafasi

Kitindamimba:
Habari zenu wakuu. Namwandalia mama simu ya Android, ana miaka 76. Akivaa miwani anasoma vizuri, vidole vinatetemeka kidogo, na sikio la kushoto limepungua nguvu. Anachotaka ni kuongea na watoto na wajukuu walio mbali kwa WhatsApp, aone picha zao, awatumie sauti yake. Shida ni hizi: akigusa chati haifunguki, inajichagua, mara anaona kile kindoo cha kufutia. Akipigiwa video simu iko kimya hadi awashe skrini. Na kundi la ukoo limemwaga video mpaka simu haipigi picha tena. Naomba msinishauri simu ya vitufe, wajukuu anataka awaone sura. Nianzie wapi?

Fundi Taratibu:
Anza na vidole, kwa sababu hapo ndipo wazee wengi hukata tamaa wakidhani kosa ni lao. Simu hupima muda ambao kidole kimekaa juu ya kioo. Kikizidi karibu nusu sekunde inahesabu kwamba umeshikilia, haihesabu tena kama mguso wa kawaida, ndiyo maana chati inajichagua. Mtu wa miaka 76 hawezi kuinua kidole kwa kasi hiyo kila mara. Ingia Mipangilio, kwenye ufikivu, tafuta muda wa kugusa na kushikilia, weka mrefu kabisa. Hapo atapata kama sekunde moja na nusu. Vitu vinavyohitaji kushikilia kweli vitachelewa kidogo, lakini yeye havihitaji sana.

Kama bado kuna miguso haipokelewi, tazama kioo cha kulinda. Kikiwa kinene, au kimeinuka pembeni, na ngozi ya vidole ni kavu kama ilivyo kwa wazee wengi, skrini haimhisi. Kibandue ujaribu. Mwelekeze pia aguse kwa nyama ya kidole, si kwa ukucha.

Simu kutoita ni habari ya betri. Simu nyingi huzilaza programu zikiwa nyuma ili kuokoa chaji, na simu ya WhatsApp inapitia intaneti, kwa hiyo programu ikilala haiiti. Mipangilio, Programu, WhatsApp, Betri, chagua isiwekewe kizuizi. Ukiwa hapo hapo hakikisha arifa zimeruhusiwa, na kwamba kiokoa data hakiibani. Kisha zima skrini, subiri dakika 20 au 30, ndipo umpigie. Ukimpigia dakika ileile itaita tu na utadhani umemaliza kazi.

Video za ukoo: WhatsApp, Mipangilio, Hifadhi na data, upakuaji wa otomatiki. Kuna sehemu tatu: data ya simu, Wi-Fi, na uzururaji (yaani simu ikitumia mtandao wa nje, kama ukiwa safarini nchi nyingine). Ondoa video na nyaraka kote, acha picha kwenye Wi-Fi. Baada ya hapo video itakuja na ukungu na mshale, akiitaka anaugusa. Zilizokwisha kuingia zisafishe kwenye kudhibiti hifadhi, panapoonyesha faili kubwa kuliko MB 5. Usikimbilie kuifuta programu na kuiweka upya; kama chati hazina nakala, zimekwenda, na sauti za watu ambao pengine hawapo tena zimekwenda nazo.

Sauti Kwanza:
Hayo ya betri ni sahihi kabisa. Naongeza upande wa sauti, maana kwa mzee ujumbe wa sauti una thamani kuliko kuandika.

Njia ya kushikilia maikrofoni huku unaongea haimfai mwenye mkono unaotetemeka: kidole kikiteleza kushoto rekodi inafutwa, naye ataongea dakika mbili zipotee. Mfundishe hivi: gusa maikrofoni, pandisha kidole juu mpaka kufuli, achia. Sasa mikono iko huru, anaongea kwa raha zake, mwisho anagusa mshale wa kutuma. Rudieni mara kumi siku hiyo, na tena kesho yake. Jambo moja kwa siku linatosha.

Akilalamika kwamba wajukuu wanaongea haraka mno, angalia namba inayotokea pembeni ya sauti ikicheza. Pengine aligusa ikawa 1.5 au 2, na itabaki hivyo hadi irudishwe 1. Na akisogeza simu sikioni wakati sauti inacheza, sauti inahama kutoka spika kubwa kwenda ya sikioni. Kwa hiyo aipeleke sikio la kulia, au aiache mezani.

Kwenye simu ya video, egemeza simu kwenye kitu kizito, usawa wa macho, dirisha liwe mbele yake. Dirisha likiwa nyuma wajukuu wataona kivuli cheusi. WhatsApp inachukua hadi watu 32 kwa pamoja, lakini kwa macho na masikio ya mzee, wakizidi wanne sura zinakuwa punje na sauti zinagongana.

Kitu kingine kidogo chenye faida kubwa: fungua chati ya kila mtoto, vidoti vitatu, Zaidi, weka njia ya mkato. Sura ya mtoto inakaa kwenye skrini ya mwanzo, mama hatafuti jina.

Mlinzi wa Zamu:
Msimkabidhi simu kabla ya usalama. Matapeli huwapenda wazee kwa sababu wazee ni waungwana, huitika kila salamu. Kwenye Faragha, upande wa makundi, weka watu aliowahifadhi tu ndio wamuingize. Upande wa simu, nyamazisha wasiojulikana. Kabla ya hapo hifadhi namba za ukoo mzima, la sivyo mjukuu mwenye laini mpya atapiga bila kusikika.

Kisha, humo humo WhatsApp, uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kufuli la pili la akaunti: PIN ya tarakimu 6, pamoja na barua pepe. Barua pepe msiiruke. PIN ikisahaulika na hakuna barua pepe, mtasubiri siku 7 kuiweka upya. Mama ajue sheria mbili tu: namba za tarakimu 6 za kufungulia akaunti, zinazokuja kwa SMS, haambiwi mtu yeyote, hata anayejiita mwanawe, na kwenye simu ya video hakubali kuonyesha skrini yake. Akija mtu na "bibi, ni mimi, nimebadili namba", apigiwe kwenye namba ya zamani kwanza.

Na tafadhali, usiunganishe akaunti yake kwenye kompyuta yako kimyakimya. Mazungumzo ni yake. Mkikubaliana, sawa.

Kitindamimba:
Asanteni sana. Nimebadili ule muda wa kushikilia, chati zinafunguka. Swali moja: hiyo PIN ataulizwa kila anapofungua?

Mlinzi wa Zamu:
Hapana dada, ataulizwa mara mojamoja, makusudi, asiisahau. Iandike kwenye daftari lake kwa tarakimu kubwa, daftari likae mbali na simu. Akiulizwa na skrini ya WhatsApp yenyewe, aiandike. Akiulizwa na mtu, akate simu.