Hiace na klorini ya maji: tanki la lita 1,000, mapipa matano au madumu 50?

Salama_Kisauni: Wadau, salaam. Nina Hiace, nataka kuanza kusambazia mahoteli. Safari moja ni lita 1,000. Kuna tanki la kizimba (lile jeupe lenye wavu wa chuma), mapipa matano ya plastiki ya lita 200, au madumu 50 ya lita 20. Kipi kitatulia garini? Jumatatu nalipa.

Fundi_Jomvu: Lita 1,000 za nini, dada? Maji, sabuni, mafuta? Gari la kilo ngapi? Unashusha pahali pamoja au kidogo kidogo? Bila hayo tutakupigia ramli.

Salama_Kisauni: Samahani. Klorini ya maji (si ya unga), ya mabwawa ya kuogelea, asilimia 12. Kadi ya gari inasema kilo 1,000. Hoteli tano hapa Mombasa, Nyali mpaka Shanzu, na moja Diani, ng'ambo ya feri ya Likoni.

Mizani: Basi umezidisha kabla hujawasha gari. Klorini hiyo si maji, lita moja ina kama kilo 1.2. Lita 1,000 ni kilo 1,200, weka kizimba kitupu kama kilo 60, weka turnboi na pampu. Lita 700 ndio mwisho wako, tena zikae mbele ya ekseli ya nyuma. Ukizirundika mlangoni pua ya gari inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi.

Baba_Kizimba: Chukua tanki. Unajaza kwa mpira likiwa ndani ya gari, bomba linatazama mlango wa nyuma, hakuna kubeba. Ila pima mlango kwanza, lina kimo cha mita 1.16 na juu lazima mkono upite kufungua kifuniko.

Fundi_Jomvu: Ami, hoteli tano! Tanki likijaa hadi juu halina shida. Hoteli ya pili limebaki nusu. Ukikanyaga breki, gari linasimama, maji hayasimami: yanakimbilia mbele, yanagonga ukuta wa tanki, na hapo ndipo gari linasukumwa tena wakati dereva anadhani ameshasimama. Kwenye kona yanapanda upande mmoja. Mikanda inashika kizimba, haishiki kilichomo. Malori ya mafuta yana kuta za ndani zenye matundu kwa sababu hiyo, kizimba hakina. Dumu ama limejaa ama ni tupu.

Baba_Kizimba: Na madumu 35 nani atayapanga kila asubuhi? Weye?

Turnboi_Mstaafu: Madumu sawa, lakini si kwa kamba. Vani ya jamaa mmoja ilipanga madumu ghorofa mbili, kamba moja ya nailoni ikayazunguka yote. Hoteli ya kwanza yakashuka kumi. Kamba ikalegea, hakuna aliyekaza. Tuta la kwanza ghorofa ya juu ikaruka, dumu likaangukia kizibo cha lenzake. Kizibo chenyewe kilikuwa cha kawaida, kimekazwa, na dumu lilishavimba kwa joto, kwa hivyo lilipopasuka lilirusha. Hiace haina ukuta baina ya dereva na mzigo. Ule mvuke ukaja machoni. Alishukuru tu barabara ilikuwa tupu. Klorini ya maji inatoa gesi ikipata joto, inataka kizibo chenye tundu la kupumulia, na dumu lenye kizibo hicho halilazwi hata siku moja.

Fundi_Jomvu: Hapo kwenye ukuta ndipo pa kuanzia pesa, kabla ya chombo. Plaiwudi ya milimita 18, fremu ya engo aini (chuma cha pembe), boliti zipite mpaka kwenye chasi, si skrubu za bati. Mzigo uuegemee moja kwa moja, pengo lisizidi upana wa kidole. Ghorofa moja tu. Chini mkeka wa mpira.

Hesabu ya mikanda: breki kali inasukuma mzigo mbele kwa takriban asilimia 80 ya uzito wake. Kilo 1,000 juu ya bati laini, bila ukuta, zinataka mikanda kama sita inayokandamiza toka juu, kila mmoja umekazwa kwa kilo 350. Juu ya mpira mmoja unatosha kwa hesabu, funga miwili. Soma lebo ya mkanda: STF ni nguvu ya kukazia, LC ni ya kubeba. Usiufunge fundo, usiupitishe juu ya plastiki, na baada ya kila hoteli unakaza upya na kusogeza yaliyobaki mbele.

Unga_Tu: Mnahangaika bure. Unga wa asilimia 65, kilo 185 zinatoa klorini ile ile ya lita 1,000. Hakuna cha kuchezacheza.

Mizani: Mpaka uguse mafuta au uingie unyevu, ndipo utajua unawaka. Na hoteli zenye pampu ya kudondosha hazitaki unga, chokaa inaziba. Salama, na ile asidi ya bwawa watakuagiza pia. Usiibebe gari moja na klorini. Zikikutana ni gesi ya klorini, na Hiace ni chumba kimoja.

Salama_Kisauni: Duh, asidi wameshaagiza. Itabidi safari mbili. Diani nipitie feri?

Turnboi_Mstaafu: Maji yakipwa ile daraja ya kupandia feri inakuwa na mwinuko mkali, mzigo wote unalalia mlango wa nyuma. Pita barabara ya Dongo Kundu, haina feri.

Baba_Kizimba: Atoke Kisauni azunguke Miritini kote kwa dumu sita? Mafuta atalipa nani? Feri, maji yakijaa.

Turnboi_Mstaafu: Na foleni je? Mzigo ukae juani saa nzima uvimbe?

Salama_Kisauni: Swali jingine: mapipa ya mtumba yaliyokuwa na sabuni, nikiyasuuza yanafaa?

Fundi_Jomvu: Sabuni gani?